Tangi linavuja kwenye kona: ni silikoni gani isiyodhuru samaki?

Swali: Nipo Tanga. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 45, kioo cha milimita 8, na ndani nafuga mbuna (samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa) kumi na wawili. Limeanza kutoa maji kwenye kona ya chini upande wa kulia. Dukani nimeonyeshwa tyubu nne za silikoni: moja ya bafuni inayozuia kuvu, moja imeandikwa "neutral", moja ya vioo inayonuka siki, na moja nyeusi ya injini. Fundi aluminiamu ameniambia yoyote inayonuka siki ni salama, na kwamba nipake tu juu ya palipovuja. Je, ni kweli?

Jibu:

Ndugu msomaji, nunua ile ya vioo inayonuka siki, ila usiilipie kabla hujasoma maandishi yake mbele na nyuma, maana hapo fundi wako amekupa nusu ya ukweli. La kupaka juu ya palipovuja usilifuate kabisa. Hilo ndilo linaloharibu matengenezo mengi kuliko hata makosa ya kuchagua tyubu.

Nianze na harufu. Silikoni haikauki kama rangi ya maji. Inavuta unyevu wa hewani, na unyevu huo ndio unaoigeuza kutoka ute kuwa mpira. Inapogeuka hutoa kitu kingine pembeni. Aina moja hutoa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki, na kwenye tyubu huandikwa "acetoxy", "acetic" au "acetate". Aina nyingine haitoi asidi: hutoa alkoholi kidogo au kemikali za jamii ya oksimu, nayo huandikwa "neutral". Asidi ya siki hupotea hewani, na mabaki yake huoshwa na maji. Kwa hiyo harufu inakuambia jinsi silikoni inavyokauka, basi. Haikuambii kilichotiwa humo kiwandani, na kinachoua samaki ni hicho kilichotiwa.

Silikoni nyingi za bafuni na jikoni hutiwa dawa ya kuua kuvu ili mstari usiote madoa meusi. Dawa hiyo huwekwa makusudi itoke kidogo kidogo hadi juu ya silikoni, miezi na miezi. Bafuni maji hupita na kwenda zake. Kwenye tangi lako maji ni yaleyale, lita mia na hamsini hivi, yakigusa zaidi ya mita nne za silikoni usiku na mchana. Miongoni mwa dawa zinazotumika ni zinki pirithioni na ile iitwayo DCOIT. Zote mbili hutiwa pia kwenye rangi ya chini ya meli, ili viumbe vya baharini visigande kwenye bodi. Dawa iliyotengenezwa kuua viumbe ndani ya maji ya bahari nzima haiwezi kuwa rafiki wa tangi la sebuleni. Madhara yake si lazima yaonekane siku ya kwanza, ndiyo maana watu humlaumu muuza samaki, au chakula, au maji ya bomba, huku sumu ikiendelea kutoka kwenye kona za tangi.

Na tyubu nyingi za bafuni ni za asidi, zinanuka siki vilevile. Pua yako haitazitofautisha. Wala usitulizwe na maneno "100% silicone": maana yake ni kwamba mpira wenyewe ni silikoni, haukuchanganywa na akriliki. Hayasemi kwamba dawa ya kuvu haimo.

Basi soma. Ukiona "sanitary", "bathroom", "kitchen and bath", "anti-fungal", "fungicide", "mould resistant", "mildew resistant" au "antibacterial", irudishe rafuni hata kama neno lenyewe limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko punje ya mtama. Unachokitafuta ni neno "aquarium" likiwa kwenye orodha ya matumizi. Angalia vizuri, kwani silikoni kadhaa huliandika neno hilo kwenye orodha ya mahali isipofaa: "not suitable for aquariums", au "not for permanent water immersion", yaani isikae majini moja kwa moja. Tyubu ikisema tu "glass" na kunyamaza, tafuta jina lake mtandaoni pamoja na maneno "technical data sheet", usome karatasi ya maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji. Humo tafuta mambo mawili: kama kuna dawa ya kuvu, na kama imekubaliwa kugusa chakula. Namba FDA 177.2600 ni kanuni ya Marekani kuhusu mpira unaogusa chakula mara kwa mara, na NSF/ANSI 51 ni kiwango cha vifaa vya chakula. Hakuna kati yake kilichoandikwa kwa ajili ya samaki, lakini silikoni yenye mojawapo ni dau salama kuliko isiyosema lolote.

Usinunue kwa jina la kampuni peke yake. Kampuni moja huuza tyubu kumi zinazofanana sura, tisa hazifai na moja inafaa. Za asidi zinazofahamika kwa wajenzi wa matangi ni kama Silirub AQ ya Soudal, Dowsil 732, na RTV108 ya Momentive. Usipozipata Tanga, silikoni ya kawaida ya vioo yenye karatasi ya maelezo iliyo wazi itakufaa kuliko yenye jina kubwa usiyojua kilichomo.

Ile ya "neutral" si adui kwa asili yake. Isiyo na dawa ya kuvu kwa kawaida haiui samaki ikishakauka. Ila zinazouzwa madukani nyingi ni za fremu za madirisha na paa, na dawa hutiwa humo mara kwa mara. Tena kwa kioo kitupu aina ya asidi hushika upesi na kwa nguvu, kwa sababu kioo na silikoni ni ndugu: vyote viwili uti wake ni elementi iitwayo "silicon" na oksijeni vilivyofungamana. Mahali pa "neutral" ni kwenye saruji, shaba na mabati, ambavyo asidi huvila. Tangi la plastiki ya akriliki ni habari nyingine. Silikoni yoyote huishika vibaya, na matangi hayo huunganishwa kwa gundi yake maalumu. Ile nyeusi ya injini iache palepale dukani. Imetengenezwa kustahimili mafuta na joto, na hakuna anayekuhakikishia viungo vyake mbele ya samaki.

Rangi haina tofauti kwa samaki. Isiyo na rangi, angavu kama kioo, hukuonyesha mapovu na pasiposhika, kwa hiyo kwa mtu wa mara ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza. Nyeusi huficha mwani.

Kisha tarehe. Silikoni huharibika ndani ya tyubu, hasa ikikaa kwenye duka la bati lenye joto, na nyingi hupewa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tangu kutengenezwa. Iliyopitwa haikauki sawasawa. Hubaki ikinata siku nzima na zaidi. Kwa hiyo kabla hujaigusisha na tangi, kamua mstari wa sentimita kumi, unene wa milimita 5, juu ya kipande cha kioo ulichokisafisha kama utakavyosafisha tangi. Baada ya saa 24 juu yake iwe mpira usionata. Baada ya siku nne au tano, chomoa ncha moja kwa wembe, uishike, uivute kwa nguvu kuelekea nyuma. Silikoni nzuri kwenye kioo safi itakatika yenyewe na kuacha mpira kwenye kioo. Ikibanduka yote kama tepu na kuacha kioo kitupu, ama silikoni ni mbovu ama usafishaji wako haukutosha. Jaribio hili litakuokolea wiki nzima ya kazi bure.

Kiasi: ndani ya tangi lako kona zote ukizijumlisha, chini na zile nne za wima, ni sentimita 440. Mstari wa pembetatu wenye milimita 6 kila upande unahitaji kama mililita 80. Tyubu moja ya 280 au 300 inatosha na kubaki.

Sasa tuje kwenye kuvuja. Maji yakifika kimo cha sentimita 42, yanasukuma kioo chako cha mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 79 hivi. Inasikika nyingi. Lakini mishono inayokishika kioo hicho, mmoja wa chini na miwili ya pembeni, ina eneo la sentimita za mraba karibu 144, kwa hiyo kila sentimita inabeba wastani wa zaidi kidogo ya nusu kilo, chini ikiwa zaidi na juu ikiwa kidogo. Silikoni nzuri ya vioo hustahimili kilo kumi na tano au ishirini kwa sentimita hiyohiyo kabla ya kukatika. Unaona basi kwamba tangi halivuji kwa sababu silikoni imezidiwa nguvu. Linavuja kwa sababu silikoni imeachia kioo. Tatizo ni kushika, na kushika ni usafi.

Hapo ndipo ushauri wa kupaka juu unapoanguka. Silikoni mpya haiishiki vizuri silikoni ya zamani iliyokwisha kukauka. Inalala juu yake kama kitambaa juu ya meza, na maji yanapita katikati. Tena pale unapoona tone linatoka si lazima pawe ndipo maji yalipoingilia. Maji huingia pengine sentimita thelathini kutoka hapo, yakatambaa ndani ya mshono hadi yapate mlango. Utaziba kona ya kulia, na wiki ijayo utaona unyevu katikati.

Kabla ya kutoa maji yote, weka pimamaji juu ya tangi, kwa urefu na kwa upana. Lita 150 za maji, kilo 30 za kioo, na mchanga na mawe ya mbuna: meza yako imebeba zaidi ya kilo 200. Mguu mmoja ukizama au ubao ukipinda, tangi hujipinda na kona moja huvutwa kila siku. Usipoliweka sawa hilo, silikoni ya bei yoyote itaachia tena. Tangi lisilo na fremu ya plastiki chini likae juu ya foamu ngumu ya milimita 10. Lenye fremu halihitaji.

Kisha chukua tochi uangalie mishono kwa nje, pale kioo kinapokutana na kioo. Sehemu iliyoachia hung'aa kama fedha au huonyesha mapovu bapa. Zikiwa chache na hazivuki nusu ya unene wa kioo, mshono wenyewe ni mzima na kazi yako ni kubadilisha ukanda wa ndani tu, yaani ule mstari wa silikoni uliopakwa kwenye kona kwa ndani. Zikivuka nusu, hasa chini ya kioo cha mbele au kwenye pembe za wima, tangi hilo linahitaji kufunguliwa vipande vyote na kuunganishwa upya. Hiyo ni kazi ya watu wawili na tyubu mbili, na kwa tangi la ukubwa wako ningemwita fundi aliyewahi kuunda matangi.

Tuseme ni ukanda wa ndani. Hamishia mbuna kwenye pipa safi la plastiki la lita 80 au zaidi, lisilowahi kutiwa sabuni wala dawa, pamoja na chujio likiendelea kufanya kazi humo. Likizimwa na kukauka, bakteria wanaosafisha maji hufa na utaanza upya. Watakaa humo wiki mbili hivi. Walishe kidogo sana na ubadilishe robo ya maji kila siku, kwa kuwa maji ya mbuna yana pH ya juu, yaani yako mbali na asidi, na amonia kwenye pH ya juu huwa kali zaidi. Maji ya bomba yatolewe klorini kwanza.

Toa ukanda wote wa ndani, kona zote, si ile moja tu. Tumia nyembe nene za kukwangulia kioo, ukiulaza wembe karibu na kioo, na uubadilishe kila unapoanza kukwaruza badala ya kukata. Usiingize wembe katikati ya vioo viwili. Huo ni mshono unaolishika tangi, na ukiukata umejiongezea kazi. Filamu nyembamba ya silikoni ya zamani haionekani kirahisi: pitisha kidole, pale panapoteleza kama mpira bado ipo. Kwangua tena. Hapa ndipo pa kutumia saa tatu bila kunung'unika.

Baada ya hapo futa kwa asetoni au alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kwa vitambaa viwili vya pamba nyeupe: kimoja cha kulowanisha, kingine cha kukausha papo hapo kabla kimiminika hakijaruka chenyewe. Kikiachwa kikauke peke yake, mafuta hubaki palepale yalipokuwa. Rudia mara mbili, na baada ya hapo usiguse kioo kwa vidole. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Spiriti ya rangi ya zambarau nayo huacha mabaki. Asetoni huwaka upesi sana, kwa hiyo jiko la mkaa na sigara viwe mbali, na madirisha yawe wazi.

Bandika tepu ya karatasi kila upande, milimita 7 kutoka kwenye kona. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu la milimita 5. Kwa joto la pwani silikoni ya asidi huanza kufanya ngozi ndani ya dakika tano hadi kumi, nawe unataka mistari yote iungane ikiwa mibichi, kwa hiyo muwe wawili: mmoja akamue, mwingine alainishe nyuma yake. Anzeni na kona nne za wima, malizieni na chini. Sukuma mdomo wa tyubu mbele ili silikoni iingie kwenye kona badala ya kuiburuta nyuma yako. Kuburuta huacha hewa chini. Lainisha kwa mkupuo mmoja, kidole kikiwa ndani ya glavu. Mafundi wengi huchovya kidole kwenye maji ya sabuni ili kiteleze. Usikubali. Sabuni ikiingia chini ya ukingo, silikoni haishiki hapo, na sabuni yenyewe ni hatari kwa samaki. Bandua tepu mara moja, silikoni ikiwa bado mbichi, na baada ya hapo usirekebishe kitu. Mkunjo mdogo uache. Ukiugusa utararua ngozi.

Sasa subiri, na hapa wengi hushindwa. Silikoni hukauka kutoka nje kwenda ndani, kama milimita 2 au 3 kwa saa 24, na kasi hupungua kadiri inavyokwenda ndani. Mstari unaoonekana mkavu kesho bado una ute katikati. Unyevu wa Tanga unakusaidia. Mtu wa Dodoma wakati wa kiangazi, au anayekaa na kiyoyozi, aweke beseni la maji chumbani. Usilifunike tangi, asidi itoke. Ngoja siku saba kamili, na uinuse kona kwa karibu: kama bado inanuka siki, bado inatoa asidi, haijaiva. Kwa tangi lililounganishwa upya lote, ambapo hewa inafika kwenye mshono kwa shida, ningengoja wiki mbili.

Kulijaribu, liweke mahali ambapo maji yakimwagika hayataharibu kitu, juu ya ubao ulio sawa na gazeti kavu chini yake. Jaza sentimita 15, ngoja saa kadhaa. Kisha 30, ngoja. Kisha jaza yote uache siku mbili. Gazeti litakuonyesha unyevu ambao jicho halitauona. Maji hayo yamwage, jaza tena, acha siku moja, mwaga. Jaza ya tatu ndiyo ya samaki. Ipime pH yake siku ya kwanza na ya pili. Ikiwa inashuka, bado kuna asidi inayotoka, na mbuna wanaotaka pH karibu na 8 waendelee kukaa kwenye pipa. Silikoni isiyo na rangi ikigeuka nyeupe kidogo kama maziwa baada ya kukaa majini, hiyo ni kawaida. Ukingo ukianza kujikunja kutoka kwenye kioo, hiyo si kawaida, na hakuna kupaka juu.

Unaporudisha mawe, yaweke moja kwa moja juu ya kioo cha chini au juu ya karatasi ya plastiki, kisha mchanga uzunguke. Mbuna huchimba, na jiwe lililokalia mchanga watalichimbulia hadi liangukie kioo. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya mawe na kona, ili uweze kuuona ukanda wako mpya wote.